Kuhama jimbo, Massachusetts kwenda Iowa, na watoto watatu: hesabu yote hii hapa, tamu na chungu

#1 Mbeba Boksi

Wakuu, salaam.

Kila wiki napata meseji mbili tatu kutoka kwa watu wa Boston, Worcester, Seattle, mpaka Maryland, na swali ni lile lile: "Eti huko Iowa nyumba bei gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka yote hapa. Ila swali lenyewe lina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Sisi ni watu watano. Mimi naendesha forklifti ghalani, mke wangu ni CNA (msaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba ya wazee, na watoto wakati tunahama walikuwa na miaka 12, 9 na 4. Lowell, huko Massachusetts, tulikaa miaka minane. Wanaoijua Lowell wanajua: Wakenya wamejaa, unga wa ugali hauutafuti, na msiba ukitokea ukumbi unajaa siku hiyo hiyo. Sikuondoka kwa kuichukia.

Machi 2024 mwenye nyumba alipenyeza barua chini ya mlango. Vyumba viwili, kutoka dola 2,400 kwenda 2,700. Wakati huo Jumatatu hadi Ijumaa nipo ghalani, Jumamosi na Jumapili nafanya usafi wa ofisi. Wiki ile ile nikaugua, nikabaki nyumbani Jumanne. Mdogo wetu akaamka, akanikuta nimekaa mezani, akamgeukia mama yake: "Leo baba amekuja kufanya nini?" Mama yake alicheka. Mimi nikaenda jikoni kujifanya naosha vyombo.

Sasa hesabu. Hapa Des Moines tulipata nyumba ya vyumba vitatu, upande wa kusini wa mji, yenye sehemu ya kuegesha magari mawili, kwa dola 1,475. Tofauti na Lowell ni 1,225 kwa mwezi. Hapo ndipo watu wengi wanapoacha kuhesabu na kuanza kufunga mizigo. Endeleeni na mimi.

Lowell tulikuwa na gari moja. Mke wangu alikuwa anapanda basi, shifti zikigongana jirani anamfuata. Hapa mabasi yapo, lakini ukitoka kazini saa tano usiku usiyategemee. Tukanunua gari la pili: 310 kwa mwezi, bima ikaongezeka 95, mafuta kama 120. Imebaki 700.

Mshahara wangu haukubadilika. Wa mke wangu ulishuka kutoka dola 23 hadi 20 na nusu. Kwa saa 36 za wiki hiyo ni kama 390 kwa mwezi. Imebaki 310.

Mia tatu na kumi, wakuu. Ningeishia hapo ningekuwa nimesafirisha familia maili 1,300 kwa ajili ya hela ya bili ya umeme na intaneti.

Kilichotuokoa ni mtoto wa mwisho. Massachusetts tulikuwa tunalipa 1,600 kwa mwezi kumtunza tukiwa sisi kazini. Iowa ina mpango wa jimbo wa shule ya awali kwa watoto wa miaka minne, bure, angalau saa 10 kwa wiki. Saa zilizobaki tukawa tunalipa 900. Hapo tumepata 700 nyingine. Jumla inafika kama 1,010.

Na ile kazi ya usafi ya wikiendi ilikuwa inaniingizia kama 950.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza kama nimetajirika: hapana. Mfukoni nipo pale pale nilipokuwa, tofauti ni dola 60. Nilichonunua ni Jumamosi na Jumapili. Kama wewe huko uliko wikiendi zako unazo tayari, na kodi unaimudu, sijui unahama kutafuta nini.

Machungu sasa.

Kosa kubwa lilikuwa letu wenyewe. Cheti cha CNA cha Massachusetts hakikupi kazi Iowa mpaka jina lako liingie kwenye rejista ya huku. Huanzi kusoma upya, unaomba tu kutambuliwa, ila lazima uombe. Sisi tuliomba baada ya kufika. Halafu cheti chake kina jina la baba yake na leseni ya udereva ina jina langu, ikabidi itafutwe hati ya ndoa. Hati ya ndoa ilikuwa ndani ya mojawapo ya maboksi 60. Tulifungua maboksi kwa siku nne. Ilikutwa kwenye boksi lililoandikwa VIATU, mwandiko wangu. Mama watoto alikaa wiki saba bila mshahara. Kama dola 5,200 kabla ya makato, zimepotea kwa sababu ya kalamu yangu.

Safari yenyewe: lori la kukodi la U-Haul la futi 26, dola 2,640. Linakunywa galoni moja kwa maili kumi, kwa hiyo galoni 130 hivi njia nzima, kama dola 450. Tulishika barabara kuu ya I-90 kupita New York, Ohio na Indiana, kisha I-80 baada ya Chicago. Barabara za kulipia zinafuatana kama vituo vya daladala, na gari kubwa linatozwa zaidi. Moteli usiku mbili, 260. Kodi ya mwezi wa kwanza na amana, 2,950. Ukiwa na chini ya dola 7,000 mkononi, subiri kwanza.

Siku ya tatu tulivuka mto Mississippi, watoto wakashangaa kwamba ni wa rangi ya chai ya maziwa. Mbele kidogo, Walcott, kuna kituo cha malori kinachojiita kikubwa kuliko vyote duniani. Nilishuka na mgongo umekufa ganzi. Mke wangu alikuwa nyuma kwenye gari dogo na watoto wawili. Akafungua dirisha, akaangalia yale mashamba ya mahindi pande zote, hakuna kilima hakuna nini, akasema, "Baba Neema, umenileta Dodoma."

Karibuni maswali. Povu ruksa.

#2 Kitimoto Kilo

Niliposoma "kuhama jimbo" nikajua unagombea ubunge. Kumbe jimbo la Marekani. Ngoja nivute kiti.

#3 Wa Nyarugusu

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Cedar Rapids, ni mwendo wa saa mbili toka Des Moines. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tukaletwa Texas kwanza mwaka 2016, kisha tukajihamia wenyewe huku baada ya miezi saba. Wakongomani na Warundi tuko wengi sana, makanisa ya Kiswahili yako, mpaka mchungaji anakusaidia kutafuta nyumba.

Ndugu ameongea kweli, lakini hajasema juu ya kazi ya nyama. Iowa ndiyo ya kwanza Marekani kwa nguruwe, na viwanda vya kuchinja vinachukua watu bila kuuliza Kiingereza kingi. Ndiyo maana watu wetu wanakuja. Mshahara unaanza vizuri, bima ya afya iko. Ila ndani ni baridi kama friji, unasimama mstari mmoja, kisu mkono wa kuume, unakata kipande kile kile kimoja masaa nane. Mwaka wa kwanza niliamka usiku vidole havifunguki, mke wangu alikuwa ananifungua kimoja kimoja na maji ya moto. Nilikaa miaka mitatu nikatoka, sasa naendesha lori. Kazi ile ikupe mlango wa kuingilia, usiifanye nyumba.

Na upepo! Agosti 10, 2020 upepo ulipiga hapa Cedar Rapids kwa kasi ya maili 140 kwa saa. Ulilaza miti ya mji mzima. Tulikaa karibu wiki mbili bila umeme, tunapika nje kwa mkaa kama kambini. Watoto waliozaliwa huku wakasema ni pikiniki.

#4 Mbeba Boksi

@Wa Nyarugusu asante sana kaka, hilo la viwanda nililiruka kwa sababu sijalifanya. Na wewe unayeendesha lori, waambie wenye leseni ya kuendesha malori (CDL) kwamba wakihamia jimbo jipya wana siku 30 tu za kuihamisha.

#5 Mpenda Jua

Habari zenu. Mimi ni nesi, nilitoka California nikaja Houston na mume na watoto wawili. Naona kila mtu anasifia Texas kwa sababu hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Ni kweli, hawakati hata senti. Lakini serikali ya jimbo haiishi kwa hewa. Ukinunua nyumba utakutana na kodi ya majengo, hapo ndipo utakapojua walikokuwa wanakusubiri. Dukani unalipa kodi ya 8.25%. Na kwa wale wanaobeba boksi kwelikweli, kima cha chini cha Texas ni kile cha taifa, dola 7.25, hakijaguswa tangu 2009. Waajiri wengi wanalipa zaidi ya hapo, lakini sheria haikusaidii.

Jambo la pili ni afya. Texas haikupanua Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Mtu mzima mwenye kipato kidogo aliyekuwa na bima ya serikali Massachusetts au California anaweza kufika huku akakosa kabisa. Watoto wanaweza kupata, wewe baba na mama mkabaki watupu. Nina shangazi yangu mwenye sukari aliyetaka kunifuata, nikamwambia baki huko huko uliko.

Kwa manesi wenzangu: kuna mkataba wa majimbo unaoruhusu leseni moja kutumika sehemu nyingi. Texas na Iowa zimo, California haimo, kwa hiyo mimi niliomba leseni ya Texas miezi minne kabla ya kuhama. Wenye leseni ya mkataba wakihamia jimbo jingine la mkataba wana siku 60 za kuomba leseni ya jimbo lao jipya. Msije mkasema leseni ni ya kila mahali mkalala.

Kuhusu joto na kimbunga sisemi sana. Julai 2024 Beryl alipita, zaidi ya wateja milioni mbili wakakosa umeme. Sisi tulilala siku tano bila kiyoyozi. Mtu wa Dar atasema hilo ni joto tu. Njoo ulale kwenye nyumba ya Marekani madirisha hayapitishi hewa, ndipo tuongee.

#6 Mkata Ringi

Si mrudi Bongo tu mjenge? Hela ya kodi ya mwezi mmoja hapo Lowell unapandisha msingi Kibaha.

#7 Mbeba Boksi

@Mkata Ringi msingi upo mkuu, umeota majani. Na fundi yupo, ananipigia kila mwisho wa mwezi kunijulisha kwamba saruji imepanda.

#8 Njia Panda

Shikamoo kaka Mbeba Boksi, na wengine wote.

Mimi niko Worcester na mume wangu, watoto wawili, mmoja ana mpango maalumu wa masomo shuleni kwa sababu ya kuchelewa kuongea. Kodi yetu 2,350 na tumeambiwa Septemba inapanda. Mume wangu ana rafiki Dayton, Ohio, anasema nyumba nzima ni nusu ya hiyo. Tuna grinikadi, mwaka wa tano unatimia miezi minne ijayo na tulikuwa tunajiandaa kuomba uraia. Maswali yangu: tukihama uraia utachelewa? Na huyu mtoto shule mpya itamkubali na mpango wake, au tunaanza upya? Hapa tulisubiri karibu mwaka kuupata.

#9 Mbeba Boksi

Marahaba dada.

La uraia ni la muhimu kuliko la kodi, nisikilize vizuri. Unapopeleka maombi ya uraia lazima uwe umekaa miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ya uhamiaji unayoombea. Na maombi yanaruhusiwa kupelekwa siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia. Wewe umebakiwa na miezi minne, kwa hiyo mwezi ujao unaweza kupeleka ukiwa bado Worcester. Ukihama baada ya kupeleka, unawaarifu na faili linahamishiwa ofisi ya huko uendako. Linaweza kuchukua muda, lakini lipo ndani. Ukihama kwanza, unahesabu miezi mitatu Ohio ndipo uombe. Chagua mwenyewe. Kama kwenye faili lenu kuna jambo lolote la kutia wasiwasi, onana na wakili kwanza, usitegemee mtu wa kwenye uzi.

Na kitu watu wanachokisahau: asiye raia akihama nyumba, hata kama ni mtaa wa pili, ana siku 10 kuwaarifu uhamiaji kwa fomu AR-11. Kila mtu na yake, watoto pia. Kubadilisha anwani posta hakutoshi, posta haiwaambii uhamiaji. Grinikadi ya jamaa yangu mmoja ilifika anwani ya zamani, posta haikuipeleka alikohamia, ikarudishwa ilikotoka. Aliikimbiza miezi sita. Mwenye kesi mahakama ya uhamiaji ana fomu nyingine kabisa, na muda wake ni siku tano za kazi. Huyo asifanye mchezo, barua ya tarehe ikimpita anahukumiwa akiwa hayupo.

La mtoto nimwachie mwenye uzoefu.

#10 Mama Wawili

@Njia Panda mdogo wangu, la mtoto nalijua, wangu wa kwanza ana mpango huo. Sheria ni ya taifa, kwa hiyo shule mpya inapaswa kumpa huduma zinazolingana na za zamani mara tu anapoandikishwa, wakati wao wanaamua kama kuna haja ya kumpima na kuandika mpango mpya. Lakini hawawezi kulinganisha wasichokiona. Nenda shuleni ukachukue nakala nzima mkononi, kurasa zote, na ripoti za mwalimu wa lugha. Usikubali "tutawatumia". Mimi nilikubali, zikafika Novemba. Mwanangu alianza Agosti. Miezi mitatu alikaa nyuma ya darasa anachora magari.

Na chukua kadi za chanjo na dawa za kutosha. Bima ya watoto ya jimbo haihami na wewe, unaomba upya. Ohio walipanua Medicaid, mtakuwa afadhali kuliko ndugu wa Texas. Ila omba wiki ya kwanza, kabla hata hujapanga sufuria.

Niongeze moja ambalo mwanamume hawezi kulikumbuka. Kama umeachika na baba wa watoto yupo Massachusetts, huondoki na watoto hivi hivi. Ni ridhaa yake au ruhusa ya mahakama. Mimi nilisubiri hakimu miezi saba huku nimeshalipia amana ya nyumba Kentucky. Amana ikaliwa. Nyumba ya pili nilipata Lexington, na siku ya kuandikisha watoto karani wa shule alinipa fomu za Kiswahili kabla sijafungua mdomo. Nikataka kulia pale pale kaunta.

#11 Kitimoto Kilo

Huu uzi umekuwa na maana ghafla. Swali la kijinga: hamko wapweke huko Iowa? Mkifiwa je?

#12 Mbeba Boksi

Si la kijinga hata kidogo.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa mibaya. Binti yangu mkubwa alikuwa na rafiki zake Lowell tangu darasa la kwanza. Alikuwa anakula chumbani, mlango umefungwa, anaongea nao kwa simu mpaka usiku, na kila nikimuuliza kitu ananijibu kwa Kiingereza kifupi. Mke wangu alikosa kikundi chake cha kina mama. Oktoba tukafiwa na mama mkwe, Morogoro. Lowell ningekuwa na watu 80 sebuleni jioni ile. Des Moines walikuja sita. Wawili tulikuwa hatuwajui, Warundi wa kanisa la jirani, walisikia tu kuna Mtanzania amefiwa. Walileta maharage na wali kwenye sufuria kubwa, wakakaa mpaka saa saba usiku, hawakuongea sana. Michango ilitoka Lowell kwa simu, na ilitosha nauli ya mke wangu. Kwa hiyo msijitoe kwenye vikundi vya mlikotoka. Mimi bado nalipa ada ya chama cha Lowell kila mwezi, na mke wangu hataki kusikia habari ya kuacha.

Sasa hivi binti anacheza mpira wa miguu shuleni na ameacha kufunga mlango. Na mimi Jumamosi nipo pembeni ya uwanja, nimevaa makoti mawili, sielewi kwa nini refa anapuliza filimbi.

#13 Njia Panda

Asanteni sana, nimechapa uzi wote nikampa mume wangu asome. Tumeamua: maombi ya uraia yanaenda mwezi ujao kutoka hapa, mpango wa mtoto nauchukua wiki hii. Mume wangu anatangulia Dayton peke yake wiki mbili aone kazi na nyumba kwa macho, alale kwa yule rafiki. Akisema sawa, tunahama shule zikifungwa Juni. Kuna jambo lolote tumesahau?

#14 Mbeba Boksi

Mawili. Amana yenu Worcester: kwa sheria ya Massachusetts mwenye nyumba anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 30 tangu mkataba uishe, na riba juu. Piga picha kila ukuta, kila sinki, ndani ya jiko, kabla ya kurudisha funguo. Yangu ilirudi siku ya 28 baada ya kumtumia picha 41. Na mwaka mtakaohama mtajaza kodi za majimbo mawili, tunzeni hati zote za mishahara za pande zote.

Halafu hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa, pasipoti na hiyo mipango ya mtoto, weka kwenye mkoba utakaopakata wewe mwenyewe kwenye gari. Usimpe mumeo aandike boksi.

#15 Mpenda Jua

😂😂 VIATU.

#16 Wa Nyarugusu

Dada Njia Panda, mimi napita Dayton na lori karibu kila juma, I-70 na I-75 zinakutana pale. Tarehe ya kushusha mizigo ikijulikana uandike hapa. Kama niko karibu nitakuja na mtoto wangu mkubwa, ana nguvu ya kubeba sofa. Mgongo wangu mimi ulibaki kule kwenye nyama.